Taa Niliyoifunga kwa Nta

Nilikabidhi funguo za karakana mwezi uliopita, na tangu hapo sijatulia hata mvua moja. Mke wangu ananiambia kazi imekwisha, nikae. Nakaa. Matone yakianza tu kugonga mabati nainuka, naenda mlangoni, naanza kuhesabu ni nani yuko njiani na baiskeli ya kituo cha afya. Sijui tena zamu za watu, kwa hiyo nahesabu vibaya, na nikihesabu vibaya moyo unadunda zaidi. Basi nimeona niwaandikie ninyi mliobaki na zile baiskeli. Chukueni yale machache ninayoyajua kuhusu taa na maji, na kama mtachukua na sehemu ya wasiwasi wangu nitashukuru, maana kwangu umezidi.

Nilianzia kwenye kituo cha afya cha Ngungu, kusini ya Masisi. Siku ya kwanza nilivaa shati jeupe. Fundi wa kituo wakati huo alikuwa Papa Ndoole, mtu mfupi aliyepalilia maharage yake kila alfajiri kabla ya kuja kazini, na aliyekuja na udongo wa shamba kwenye magoti. Alilitazama lile shati muda mrefu.

“Unakuya ku arusi?” akaniuliza.

“Apana, Papa. Nakuya ku kazi.”

“Basi shika hii.” Akanitia mkononi dinamo iliyojaa tope hadi kichwani. Shati lile halikuwa jeupe tena, na mimi nikawa fundi.

Wakati huo taa zote zilikuwa za dinamo, ile chupa ndogo inayoegemea gurudumu na kuzungushwa nalo. Mvua ikinyesha mpira unalowa, kichwa cha dinamo kinateleza, taa inakonyeza mara mbili tatu na kufa, na inafanya hivyo mahali ambapo huwezi kabisa kukaa bila taa. Papa Ndoole alikata pete nyembamba kutoka mpira wa ndani wa gurudumu kuukuu akaivisha kwenye kichwa cha dinamo, ikashika vizuri. Alinifundisha kutoamini chuma cha baiskeli kirudishe umeme, kwa sababu kutu hukaa chini ya rangi na huioni. Alipitisha waya wa pili, na akanifokea kila nilipouona ni kazi ya bure. Alinifundisha kuuacha waya ushuke kwanza chini ya taa, ufanye tumbo, kisha upande kuingia ndani, ili maji yanayotembea juu ya waya yadondokee pale kwenye tumbo. Alikuwa na kisu kimoja, kipande cha msumeno, mswaki wa kusugulia kutu na kopo la vaselini aliloomba kwa wakunga. Sikumwona akihitaji zaidi.

Jambo moja alilifanya ambalo mimi nililiacha baadaye. Hakumpa mtu baiskeli kabla hajaipanda mwenyewe mvuani. Alingoja mvua, akavua viatu, akapanda hadi juu ya kilima na kurudi, maji yakimchuruzika masikioni. “Panda weye kwanza,” alikuwa akiniambia. “Ikizima, izime na weye.” Nilipanda, kwa hofu, lakini nilipanda, maana yeye alikuwa amesimama pale ananitazama.

Vita vilipotusukuma kutoka Ngungu, nilipata kazi ile ile upande wa Walikale, katika kituo cha Buleusa. Motopikipiki za kituo zilikuwa zimechukuliwa na wenye bunduki, moja baada ya nyingine, na baiskeli ndizo zilizobaki, kwa kuwa hakuna aliyezitamani. Mkunga alikwenda kwa baiskeli. Mtoa chanjo alikwenda kwa baiskeli na sanduku la barafu nyuma. Mwuguzi mkuu, titulaire wetu, alikwenda kwa baiskeli, na alipanda vibaya kuliko wote.

Ni lazima niwaeleze habari ya barieri, kile kizuizi cha barabarani, kwa maana ninyi mmeikuta imeondolewa. Ilikuwa kwenye mteremko kabla ya vijiji vya ng'ambo, na ililindwa na vijana wa hapo wenye silaha, waoga kama mimi, ila wao walikuwa na vidole kwenye bunduki. Siku moja walimpiga risasi mtu aliyebeba ndizi katika ukungu, wakidhani ni adui. Ndizi zake zilikaa barabarani siku mbili kwa sababu hakuna aliyethubutu kuziokota. Baada ya hapo wazee wa vijiji walikaa na vijana hao wakapatana: baiskeli ya kituo cha afya ipite na taa ya mbele ikiwaka, hata saa sita mchana, kila kukiwa na mvua au ukungu. Asiye na taa asimame kwenye kisiki kikubwa kabla ya mteremko, angoje ukungu uondoke au aitwe.

Mnaona basi nilikuwa nimebeba nini. Taa ikifa, mtu wangu anaweza kufa. Kila asubuhi ya mvua nilisimama langoni nikitazama taa zikiondoka moja moja, zinawaka vizuri kabisa. Sikula mchana hadi wa mwisho arudi.

Ndipo zikaja taa za pile, za betri, zile ndogo zenye mwanga mweupe. Nilizipenda, dinamo nikazitupa kapuni. Lakini niliona mashimo yake, pale waya unapoingia, pale kioo kinapokutana na plastiki, na kila shimo lilinitisha. Buleusa wana asali ya msituni, na nta wanaitupa. Niliyeyusha nta, nikaziba kila mwanya, nikafunga juu yake kwa utepe wa mpira wa ndani, nikakaza hadi vidole vikafa ganzi. Kisha nikaizamisha taa kwenye beseni la maji. Hakuna hata kiputo kimoja kilichotoka. Nilifurahi sana. Nilimwita titulaire aje aone, na nikamwita na mpishi pia.

Kuipanda baiskeli mvuani hadi karibu na barieri, kama Papa Ndoole angefanya, sikufanya. Nilisema goti linaniuma. Goti liliniuma kweli, lakini lilikuwa linauma na siku za kwenda sokoni, na sokoni nilikwenda. Niseme wazi: niliogopa wale vijana. Beseni halikuwa na bunduki.

Badala ya kupanda, niliuliza. Kila asubuhi wafanyakazi walipokusanyika uani kwa sala na ripoti, nilisimama mbele yao wote, mimi mzee kati yao, tena shemasi kanisani, nikauliza kwa sauti: “Taa ziko namna gani?” Na wote walijibu: “Ziko muzuri, Papa. Aksanti.” Nililala na jibu hilo misimu miwili ya mvua.

Sasa nije kwa Muhindo, ambaye ndiye sababu ya karatasi hizi. Alikuwa mtoa chanjo wetu, mtu wa makamo, mkimya, mwenye mke wa hapo hapo Buleusa na watoto watatu. Alianza kuchelewa. Aliondoka kwa wakati, nilimwona mwenyewe, lakini alifika vijiji vya ng'ambo jua limeshuka, barafu imekuwa maji, akina mama wamechoka kungoja na watoto mgongoni wakarudi mashambani. Chanjo ikatupwa. Mara ya kwanza, mara ya pili. Mara ya tatu titulaire alituita wote uani.

“Muhindo, kuko nini ku ile njia?”

“Ni ukungu, titulaire.”

“Ukungu ni ya batu bote. Mama Zawadi anapitaka na ukungu. Weye tu njo unapotezaka chanjo.” Mama Zawadi ndiye mkunga wetu. Titulaire akanigeukia. “Papa Bauma, labda taa yake iko mubaya?”

Nilijibu upesi, kama mtu aliyetukanwa. “Taa iko muzuri. Nilifunga mi mwenyewe. Maji haiwezi kuingia.”

“Muhindo, ni kweli?” titulaire akauliza.

Muhindo alinitazama, akatazama viatu vyake. “Papa amesema,” akajibu.

Sikusikia alichosema. Nilisikia nilichotaka. Titulaire aliandika kwamba Muhindo ni mvivu, analala njiani wakati watoto wanangoja dawa, akamfukuza siku ile ile. Habari ikafika kanisani kabla yake. Baba mkwe wake, mzee mkali asiyesikia vizuri, alimchukua binti yake na wale watoto watatu akawarudisha kwake, akasema hawezi kumwachia muvivu wajukuu zake. Muhindo akaenda Mubi, siku nyingi za njia, akawa anasukuma baiskeli yenye mizigo ya maduka. Nami nilifikiri ni aibu yake, nikaendelea kuchemsha nta.

Miezi mitatu baadaye, mchana mmoja wa mvua nzito, tuliletewa habari ya mama aliyekuwa na uchungu tangu jana yake, ng'ambo ya barieri. Mama Zawadi akafunga mfuko wake. Nikamwashia taa mimi mwenyewe, akaondoka, ukungu ukamfunika kabla hajafika kwenye mihogo. Nilirudi karakana, na kwa kuwa mikono haikutaka kutulia nilishusha baiskeli ya Muhindo, iliyokuwa imetundikwa tangu alipofukuzwa, nimwandalie mtoa chanjo mpya. Nilipoifungua ile taa kutoka kwenye usukani, nikasikia kitu kinacheza ndani.

Niliitikisa karibu na sikio. Yalikuwa maji.

Nta ilikuwa nzima. Niliikagua pande zote kwenye mwanga wa mlango, haikuwa na ufa hata mmoja. Niliikata kwa kisu, na maji nusu kijiko yakanimwagikia kiganjani. Shaba za ndani zilikuwa za kijani. Nilielewa nikiwa nimesimama hapo hapo. Taa inapanda kilima juani, inapata joto, hewa ya ndani inatanuka na kutoka kidogo kidogo kwa kufuata waya. Kisha mvua inaipiga, inapoa ghafla, inavuta hewa irudi, na pamoja na hewa inanyonya maji. Beseni langu halikupanda kilima. Nta yangu haikuyazuia maji kuingia, iliyazuia kutoka. Na taa zote nilizifunga vile vile, na Mama Zawadi alikuwa ameshika njia ya barieri.

Sikumwambia mtu. Niliichukua ile baiskeli, bila taa, nikapanda. Sikumbuki goti. Nakumbuka nikimwomba Mungu kwa sauti kama mtu anayegombana. Nilifika kwenye kile kisiki nikashuka, kwa maana bila taa hairuhusiwi kupita, na mbele yangu palikuwa peupe tupu. Niliita, mvua ikaimeza sauti yangu. Nikatafuta pa kujikinga, na hapo nikaona kibanda.

Kilikuwa kibanda kidogo cha miti na majani ya migomba, kando ya kisiki. Ndani palikuwa na mawe matatu ya kukalia, yamelainika. Palikuwa na vigunzi vya mahindi, na kipande cha bandeji ya kituo chetu kimetumika kufungia paa. Majani ya paa yalikuwa mabichi. Watu walikuwa wakikaa hapa, watu wetu, mara nyingi kiasi cha kujenga. Niliketi kwenye jiwe moja, na sioni haya kusema kwamba nililia, kwanza kwa hofu ya Mama Zawadi, kisha kwa jambo lingine lililokuwa linanijia polepole na ambalo sikulitaka.

Mvua ilipopungua, sauti ikatoka chini, kwenye barieri. “Nani pale?”

“Fundi! Fundi wa kituo!”

“Fundi wa mataa?” Nikasikia wanacheka. “Inua mikono, Papa, kuya polepole.”

Niliteremka mikono juu, baiskeli nimeiacha. Neno la kwanza nililouliza lilikuwa Mama Zawadi.

“Alipita zamani,” kijana mmoja akasema. “Yake inawakaka. Za bale bengine njo zinafikaka pale ku kisiki zimekufa. Kila siku ya mvua. Sisi tunabaona banakaa tu.”

“Na Muhindo? Mutu wa chanjo?”

“Oh, ule! Ule njo alijenga ile nyumba pale juu.”

Nilimkuta Mama Zawadi kwenye kijiji cha kwanza, anaosha mikono mlangoni. Mtoto alikuwa amezaliwa, nilimsikia. Aliniona nimelowa hadi mifupa, akaogopa akidhani nimeleta msiba. Nilimwomba taa yake tu. Niliigeuza. Chini kabisa, katikati ya nta yangu, palikuwa na tundu dogo la duara, na ndani ya tundu umepitishwa uzi, ule wa kushonea kina mama, unaning'inia kama ndevu moja. Tone la maji lilikuwa kwenye ncha yake.

“Nilitoboa na sindano ya moto,” akasema, bila kunitazama. “Niliona ndani inalia. Kintu chenye maji, unakiachia njia. Ni kazi yangu ile.”

“Tangu wakati gani?”

“Tangu mwanzo, Papa.”

“Na haukuniambia?”

“Sikupenda kukuletea haya. Ulikuwa nafurahi sana na ile nta.”

“Na bale bengine?”

Alifuta mikono kwenye kitenge, kidole kimoja kimoja. “Papa, bote tulijua.”

Kwa hiyo ninyi wadogo zangu, sikilizeni. Toboeni tundu chini ya kila taa, dogo kama la sindano, upande unaotazama barabara, na mpitishe uzi. Sugueni shaba, pakeni vaselini nyembamba, acheni waya ufanye tumbo. Mvua ikija pandeni wenyewe kwanza. Na msiulize mbele ya watu kama kazi yenu ni nzuri, hasa mkishaanza kuitwa Papa. Chukueni taa mkononi, mtikise.

Kesho yake nilimwambia titulaire kila kitu. Akasema nafasi ya Muhindo imekwisha kupewa mtu. Nikatoboa taa zote zilizobaki, nikaomba ruhusa, nikaenda Mubi. Ilinichukua siku nyingi, mguu na motopikipiki, na njia nzima nilikuwa natunga maneno na kuyatupa.

Nilimkuta kati ya malori, amekonda, anafunga magunia ya chumvi kwenye baiskeli. Aliponiona alisimama, akanipa mkono kwa heshima, mkono wa kushoto umeshika kiwiko. Nilimweleza. Maji, nta, kibanda, Mama Zawadi. Alisikiliza akiwa ameshika kamba.

“Ilikuwa inazima ku kilima ya pili,” akasema. “Kila siku.”

“Muhindo, sasa juu ya nini haukusema? Ulikuwa nafukuzwa, na ukanyamaza?”

“Ungeniuliza pembeni, ningesema. Uliniuliza mbele ya batu. Ningesema mbele ya batu Papa Bauma ni mwongo, anasema bongo?”

Nilimwambia nitaandika barua kwa titulaire, yenye jina langu na sahihi. Alitikisa kichwa. Barua haisomwi na mkwe wake, akasema, mkwe wake hajui kusoma. Mke wake alikuwa amemtumia salamu mara mbili, mtoto wa mwisho ameanza kutembea, lakini mzee haachii.

“Ulisema mbele ya batu,” Muhindo akaniambia. “Sema tena mbele ya batu. Pale mukwe wangu anasikiaka.”

Jumapili iliyofuata nilipofika Buleusa niliomba nafasi baada ya matangazo. Kanisa lilikuwa limejaa, na mvua ilikuwa imeanza, juu ya mabati yasiyo na dari. Nilisimama mbele, pale ninapokusanyia sadaka siku zote. Titulaire alikuwa upande wa wanaume. Mke wa Muhindo alikuwa na watoto watatu upande wa wanawake, mdogo kabisa amesimama juu ya benchi. Baba mkwe alikuwa nyuma kabisa, karibu na mlango. Nilisema nilichokuja kusema, na nadhani nilikisema chini, kwa maana nusu yangu ilitumaini mvua itakifunika.

Mzee akainuka kule nyuma, mkono kwenye sikio.

“Hatusikie, Papa!” akapaza sauti. “Unasema nini juu ya mukwe wangu?”

Kanisa lote likanigeukia. Nikavuta pumzi, nikapiga kelele kuzidi mabati:

“Ninasema Muhindo hakukuwa muvivu! Taa ilikuwa inazima! Mi njo nilisema bongo!”